Kipokezi cha glutameti kwenye msuli wa buu: namna ya kujua kimeundwa na subuniti zipi

Kwenye misuli ya buu wa drosofila, kipokezi kimoja cha glutameti (kemikali ambayo neva hutumia kuuamrisha msuli) ni protini nne zilizoshikana kuzunguka tundu la kupitishia ioni. Kila protini ni subuniti moja. Tatu hazibadiliki: GluRIIC (maandishi ya zamani huiita GluRIII), GluRIID na GluRIIE. Nafasi ya nne hukaliwa ama na GluRIIA ama na GluRIIB, wala hazikai zote mbili kwenye kipokezi kimoja. Chenye A huitwa aina A, chenye B aina B, na sinapsi moja (mahali neva inapokutana na msuli) huwa na mchanganyiko wa aina hizo mbili. Mwongozo huu unahusu kupima mchanganyiko huo: sinapsi za inzi ulionao zina A kiasi gani na B kiasi gani kulinganisha na inzi wa kawaida, na utazuiaje picha nzuri isikudanganye.

Inzi tunayemzungumzia ni yule mdogo anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi. Si inzi wa maembe anayetoboa matunda shambani. Huyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Na kwa wadudu mambo yamepinduka ukilinganisha na mwili wa binadamu: msuli huamrishwa na glutameti, na asetilikolini ndiyo kichocheo kikuu cha ubongo. Ndiyo maana kipokezi cha ubongoni kwetu kinatafutwa hapa kwenye ukuta wa mwili wa buu, mahali ambapo kisu na elektrodi vinafika kwa urahisi.

Kabla ya kugusa kibanio, elewa jambo moja. Mafiga mawili hayainjiki chungu: ukiondoa C, D au E, hata moja tu, vipokezi vyote hutoweka kwenye sinapsi, A na B pamoja, na kiinitete hufa bila kuanguliwa. Ukiondoa A peke yake, au B peke yake, buu anaishi. Ukiziondoa A na B kwa pamoja, anakufa. Kwa hiyo A ikipungua kwenye picha yako kuna maelezo mawili yasiyofanana: huenda mchanganyiko umebadilika, huenda vipokezi vyote vimepungua kwa sababu figa moja limetikisika. Picha ya A peke yake haiwezi kukwambia ni lipi kati ya hayo. Kazi nyingi za wanaoanza huharibikia hapo.

Inzi wa kulinganisha

Usianze bila makundi haya:

Inzi wa kawaida, kwa mfano w1118, waliofugwa chakula kimoja na joto moja na wale unaowapima.

Inzi wasio na A. Aleli (toleo la jeni) inayotumika sana ni GluRIIA-SP16. Wengi huiweka juu ya ufutaji Df(2L)clh4 (kromosomu ya pili iliyokatwa kipande) badala ya kutumia SP16 pande zote mbili, ili kasoro nyingine zilizojificha kwenye kromosomu zisiingilie. Lakini kumbuka kwamba jeni za A na B zimekaa jirani kwenye mkono wa kushoto wa kromosomu ya 2, na Df(2L)clh4 hufuta zote mbili. Buu wako atabaki na nakala moja tu ya B. Ukiona B haikupanda kama ulivyotarajia, sababu inaweza kuwa hiyo.

Inzi wasio na B, au waliofutwa jeni zote mbili kisha wakarudishiwa GluRIIA kwa transjini (jeni iliyopandikizwa).

Kama unaweza kuwapata, ongeza mabuu ambao GluRIIC imepunguzwa kwa RNAi (kunyamazisha jeni kwa kutumia RNA) msuleni kwa kutumia Gal4 ya msuli (protini inayowasha jeni iliyopandikizwa, hapa msuleni tu), mfano BG57-Gal4. Hawa watakuonyesha kwa macho figa likitikisika linaonekanaje.

Kuchagua mabuu wa jenotipu sahihi kuna mtego wake. Mabawa yaliyojikunja ya CyO, ambayo ni balansa (kromosomu yenye alama inayoonekana, ya kutunzia aleli isipotee), huonekana kwa inzi mzima tu. Kwa buu hayapo. Tumia balansa yenye GFP (protini inayong'aa kijani) na uchague wasiong'aa, au balansa yenye alama ya Tubby na uwaache wale wafupi wanene.

Chakula na joto

Kwa lita 1 ya maji: agari gramu 8, unga wa mahindi gramu 70, sukari gramu 80, hamira gramu 18. Chemsha ukikoroga mpaka uive kama uji mzito, acha upoe mpaka chini ya nyuzi 60, ndipo utie asidi ya propioni mililita 5 na nipajini ya asilimia 10 iliyoyeyushwa kwenye ethanoli mililita 12. Ukizitia uji ukiwa unachemka, ethanoli na asidi zitaruka na mvuke, na wiki ijayo chupa zitakuwa na ukungu.

Weka inzi nyuzi 25. Kwa aliyeko Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, hii haina maana ya "mezani": joto la chumba likikaa karibu na 30 madume huanza kuwa tasa, na mfumo wa Gal4 huongeza nguvu kadiri joto linavyopanda, hivyo RNAi ya Jumatatu haitalingana na ya Ijumaa. Kama huna inkubeta ya kupooza, kabati la povu lenye chupa za barafu zinazobadilishwa asubuhi na jioni linafaa, mradi uweke kipimajoto ndani na uandike namba kila siku.

Toa wazazi baada ya siku moja ya kutaga. Mabuu wakibanana wanakuwa wadogo, na msuli mdogo una sinapsi ndogo zenye ukinzani tofauti wa umeme. Siku ya tano hivi mabuu hutoka kwenye chakula na kupanda ukutani mwa chupa. Hao ndio unaowataka: hatua ya tatu, wanaotambaa, kabla hawajatulia kugeuka buo.

Maji ya chumvi

Tumia HL3. Kwa lita 1:

NaCl gramu 4.09
KCl gramu 0.37
MgCl2 yenye molekuli 6 za maji gramu 4.07
NaHCO3 gramu 0.84
trehalosi yenye molekuli 2 za maji gramu 1.89
sukrosi gramu 39.4
HEPES gramu 1.19

Rekebisha pH iwe 7.2. Hii haina kalsiamu, na ndiyo ya kupasulia, kwa sababu bila kalsiamu msuli haukunjiki ovyo. Kwa kurekodi umeme ongeza CaCl2 ya mola 1, mililita 0.4 kwa lita, upate milimola 0.4.

Magnesiamu ndiyo inayoharibu kazi za watu kimyakimya. Chupa mbili za MgCl2 hukaa rafu moja, moja ina maji ndani ya fuwele zake na nyingine ni kavu. Ukipima gramu 4.07 za ile kavu, utapata karibu milimola 43 badala ya 20, na magnesiamu ikizidi kiasi hicho hupunguza utoaji wa glutameti kutoka kwenye neva. Utaona ishara dhaifu na utailaumu jeni. Kisha chumvi hii hunyonya unyevu wa hewa. Pwani, kopo lililofunguliwa mara nyingi huwa lina maji yasiyojulikana. Nunua mmumunyo wa mola 1 uliokwisha tengenezwa na uweke mililita 20 kwa lita, uepukane na mashaka.

HL3 ina sukari, na sukari huvutia ukungu. Iweke kwenye friji, na ikipita wiki imwage.

Kupasua

1. Mimina HL3 baridi isiyo na kalsiamu kwenye sahani yenye sakafu ya silikoni. Muoshe buu kwa maji, mlaze mgongo juu. Mgongo utautambua kwa mirija miwili mieupe ya hewa inayopita sambamba toka mkiani hadi kichwani.

2. Choma pini moja mkiani, katikati ya matundu mawili ya kupumulia, na nyingine kichwani karibu na kulabu za mdomo. Mvute kidogo anyooke.

3. Kwa mkasi mdogo wa macho, toboa ngozi karibu na pini ya mkiani, kisha kata kuelekea kichwani ukipita katikati ya mirija ile miwili. Ncha ya chini ya mkasi iinue ngozi juu. Ukiielekeza chini utachana misuli unayoitaka, kwa kuwa namba 6 na 7 ziko karibu na mstari wa katikati wa tumbo, moja kwa moja chini ya utumbo.

4. Kabla ya kutandaza, toa utumbo, mafuta na mirija ya hewa kwa kuvuta taratibu. Usikwangue.

5. Choma pini nne za pembeni, mwili utandazike kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani. Misuli itaonekana kama vipande vya utepe vilivyopangwa kwa pingili. Ukiivuta mno inachanika baada ya kugandishwa kwa dawa. Ukiilegeza mno inakunjamana na hadubini haitapata tabaka moja safi.

6. Osha mara tatu kwa HL3 mpya. Maji ya mwilini mwa buu yana glutameti, na glutameti inayobaki hufanya vipokezi vizubae, yaani viache kujibu. Kwa picha haidhuru sana. Kwa kurekodi umeme inadhuru.

Kama utarekodi umeme, acha ubongo na neva mpaka dakika ya mwisho, kisha kata neva karibu na ubongo. Kama ni picha tu, ubongo utoe.

Kugandisha na kupaka kingamwili

Hapa chaguo la dawa ya kugandishia (ya kuikaza tishu isioze, si kuiweka kwenye barafu) linaamua kila kitu. Kingamwili ya panya inayotumika sana dhidi ya GluRIIA, 8B4D2, inayotolewa na benki ya haibridoma ya Chuo Kikuu cha Iowa, haifanyi kazi vizuri kwenye tishu iliyogandishwa kwa paraformaldehidi asilimia 4. Inataka mmumunyo wa Bouin au methanoli ya barafu. Mtu aliyezoea paraformaldehidi kwa kila kitu atapata slaidi nyeusi na kuamini amegundua inzi wasio na A.

Bouin: asidi ya pikri iliyokolea kabisa kwenye maji sehemu 15, fomalini ya asilimia 37 sehemu 5, asidi ya asetiki halisi sehemu 1. Asidi ya pikri ikikauka huweza kulipuka. Iweke ikiwa majimaji daima, futa shingo ya chupa kwa kitambaa chenye maji kila unapomaliza ili chembe zisikauke kwenye nyuzi za kifuniko, na ukikuta chupa ya zamani yenye ukoko wa njano usiifungue; mwite msimamizi wa usalama. Asiyetaka habari hiyo atumie methanoli iliyokaa nyuzi 20 chini ya sifuri, dakika 5.

1. Ondoa HL3, weka Bouin dakika 5 kwenye joto la chumba. Si 4, si 15. Ikizidi, kingamwili hushindwa kufika kwenye shabaha yake.

2. Osha kwa PBS (maji ya chumvi ya fosfeti) yenye Triton X-100 asilimia 0.1 mpaka njano yote itoke. Hesabu mara sita za dakika 10. Njano inayobaki hung'aa kwenye rangi ya kijani na kuchafua picha.

3. Toa pini, weka mabuu kwenye kichupa kimoja. Kichupa kimoja kwa jenotipu zote, ndivyo inavyopasa. Kata kona ya mkia wa wasio na A, kata kona ya kichwa cha wasio na B, wa kawaida waache kamili. Wote wanywe kingamwili ile ile kwa muda ule ule. Vichupa viwili tofauti ni majaribio mawili tofauti, hata kama lebo zinafanana.

4. Ziba kwa seramu ya mbuzi asilimia 5, dakika 45.

5. Weka kingamwili za kwanza usiku kucha kwenye friji: 8B4D2 kwa 1:100, kingamwili ya sungura dhidi ya GluRIIB au GluRIIC kwa kiwango alichokuandikia aliyekupa, mara nyingi kati ya 1:1000 na 1:2500. Zile za B, C na D nyingi hutengenezwa na maabara moja moja. Toleo jipya halilingani na la zamani, hivyo jaribu viwango vitatu kwanza.

6. Osha mara tatu, dakika 10 kila mara. Weka kingamwili za pili zenye rangi kwa 1:500 pamoja na kingamwili ya HRP yenye rangi ya mbali-nyekundu kwa 1:300. Saa moja na nusu gizani. Kingamwili ya HRP hushika sukari iliyo kwenye utando wa neva za wadudu, na ndiyo itakayokuchorea neva yote.

7. Osha tena, tandaza kwenye slaidi misuli ikitazama juu, weka gundi ya kuzuia rangi kufifia, funika.

Mambo matatu ya kukumbuka kuhusu rangi. 8B4D2 ni ya panya, na nc82 inayopaka mahali neva inapotolea glutameti nayo ni ya panya. Usiziweke pamoja kwa kingamwili za pili za kawaida, zitapakana rangi moja na utaona "A" penye kituo cha neva. Faloidini haishiki misuli iliyopita kwenye Bouin au methanoli. Na GFP hupoteza mwanga wake humo humo; itafute kwa kingamwili yake.

Picha na vipimo

Piga misuli namba 6 na 7, au namba 4, pingili za tumbo A2 hadi A4 (A hii ni ya tumbo, si ya subuniti), kwa konfokali na lenzi ya mafuta ya 60 au 63. Kundi moja la vipokezi lina upana wa chini ya mikromita moja, hivyo pikseli isizidi mikromita 0.1. Weka nguvu ya leza kwa kutumia buu wa kawaida anayeng'aa kuliko wote, hakikisha hakuna pikseli iliyojaa mpaka juu, kisha usiguse tena mpaka slaidi iishe. Anayeongeza mwanga "ili A ionekane" kwa mabuu wasio na A ameshafuta jibu lake.

Tumia picha ya HRP kuchora eneo la sinapsi. Ndani ya eneo hilo pima wastani wa mwanga wa kila rangi, toa mwanga wa msuli wa jirani usio na neva, gawa kwa wastani wa mabuu wa kawaida wa kichupa hicho hicho. Vifundo (sehemu za neva zilizovimba juu ya msuli) vikubwa vya aina Ib na vidogo vya aina Is vitenganishe, kwa sababu neva mbili tofauti ndizo zinazovitengeneza. Linganisha Ib na Ib, Is na Is. Hesabu yako ni ya mabuu, si ya vifundo. Vifundo 200 kutoka kwa mabuu 2 ni sampuli 2. Chukua angalau mabuu 8 kwa jenotipu, kutoka vichupa vitatu vya siku tofauti.

Na usiandike kamwe kwamba "A ni mara mbili ya B" kwa sababu nyekundu ilisoma 200 na kijani 100. Kila kingamwili inashika kwa nguvu yake na kila rangi ina mwanga wake. Unachoweza kusema ni kwamba A imeshuka mpaka asilimia fulani ya kawaida, na B imepanda mpaka asilimia fulani ya kawaida. Anayetaka uwiano halisi wa idadi lazima abandike alama moja ile ile, kwa CRISPR (mbinu ya kuhariri jeni), kwenye jeni ya A kwa inzi mmoja na jeni ya B kwa mwingine, kisha atumie kingamwili moja kwa wote.

Umeme: hapa picha inahojiwa

Aina A na aina B hutofautiana kwa muda zinaozubaa glutameti ikiwepo: B huzubaa upesi takribani mara kumi kuliko A. Matokeo yake, kifuko kimoja cha glutameti kikipasuka juu ya sinapsi yenye B tupu, ishara inayozaliwa ni ndogo. Ishara hizo ndogo zinazojitokea zenyewe, bila neva kusisimuliwa, huandikwa mEPSP, nazo ndizo kipimo chako kikuu.

Vuta elektrodi za kioo cha borosiliketi, jaza KCl ya mola 3, ukinzani uwe kati ya megaohmu 15 na 30. Ingia msuli namba 6, pingili A3. Kubali msuli tu kama volteji ya utulivu ni hasi kuliko milivolti 60 na ukinzani wa msuli umezidi megaohmu 5. Chini ya hapo msuli unavuja na mEPSP zitakuwa ndogo hata kama vipokezi ni vizima. Rekodi dakika mbili, pata matukio 100 au zaidi. Kwa buu wa kawaida utapata karibu milivolti 1, kwa asiye na A chini ya nusu ya hapo. Usipoiona tofauti hiyo kwa inzi wako wa kulinganisha, simamisha kazi yote mpaka uione.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Ukisisimua neva kwa elektrodi ya kunyonya na kupima ishara kubwa inayotokea, EPSP, kwa mabuu wasio na A utaikuta karibu ya kawaida. Si kwamba vipokezi vimepona. Msuli ukihisi ishara zake ndogo zimedhoofika, neva huongeza idadi ya vifuko inavyotoa kwa kila msisimko, na jumla inarudi pale pale. Anayepima EPSP pekee atatangaza kwamba subuniti A haina umuhimu. Gawa EPSP kwa mEPSP upate idadi ya vifuko: ikiwa imepanda huku mEPSP imeshuka, kipokezi kimebadilika na neva imefidia.

Kasi nayo ina sharti lake. Mteremko wa mEPSP hauonyeshi vizuri kasi ya kipokezi, kwa kuwa utando wa msuli wenyewe huchelewesha volteji kushuka. Ili uone B ikijifunga upesi, shika volteji kwa elektrodi mbili kwenye milivolti hasi 80 na upime mkondo, si volteji.

Kuna na sumu ya kuhakikishia. Filanthotoksini-433 imetokana na sumu ya Philanthus triangulum, nyigu anayewinda nyuki. Kwa mikromola 10 hadi 20, dakika 10, huzuia zaidi vipokezi vya aina A. Kwa buu wa kawaida mEPSP hushuka sana. Kwa asiye na A haina kikubwa cha kushusha. Kwa inzi wako usiyemjua, kadiri sumu inavyofanya kazi kidogo ndivyo A iliyobaki ilivyo kidogo.

Kuunganisha vipimo

A imeshuka, B imepanda au imebaki, GluRIIC iko karibu na kawaida, mEPSP ndogo: mchanganyiko umebadilika kuelekea B. Hii ndiyo hali safi.

A, B na C zote zimeshuka kwa pamoja: idadi ya vipokezi imeshuka. Chunguza C, D, E, na pia Neto, protini ya pembeni ambayo si sehemu ya tundu lakini bila yake vipokezi havikusanyiki kwenye sinapsi.

A imeshuka kwenye picha, mEPSP ni ya kawaida: shuku mikono yako. Bouin iliyozidi muda, kingamwili iliyogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, au slaidi iliyopigwa siku nyingine.

A ni ya kawaida, mEPSP ndogo: msuli unavuja, au tatizo liko kwenye glutameti ndani ya kifuko, au vipokezi vimetawanyika kutoka mbele ya kituo cha kutolea. Rudi kwenye picha uangalie sura ya makundi, si mwanga wake tu.

Ukizidisha A kwa transjini, B hupungua, na ukizidisha B, A hupungua pamoja na mEPSP. Zinagombea kiti kimoja. Jaribio hili ni zuri kwa kuthibitisha kwamba jeni yako inagusa kiti hicho na si mafiga.

qPCR (kipimo cha kiasi cha RNA) ya jeni hizi tano inasaidia, lakini iweke mahali pake. Inapima RNA ya mwili wote wa msuli. Sinapsi inapokea protini iliyokwisha kuunganishwa na kusafirishwa. RNA ya A inaweza kuwa kamili huku protini haipo sinapsini.

Kuunda kipokezi upya ndani ya yai la chura

Ushahidi wa mwisho ni kukijenga kipokezi mahali ambapo hakikuwepo. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba yai la chura wa Xenopus hujibu glutameti likipewa C, D, E pamoja na A au B; Neto huongeza mkondo huo sana. Fuata utaratibu wa kutoa moja moja: changanya RNA ya subuniti nne kwa uzito sawa pamoja na Neto, ingiza nanolita 50 kwa yai, kisha andaa michanganyiko mingine, kila mmoja ukikosa subuniti moja, na pengo lijazwe kwa maji ili ujazo usibadilike. Yaache mayai siku 3 hadi 5 kwenye nyuzi 17, ukibadilisha maji kila siku na kutupa yaliyopauka. Tumia glutameti ya milimola kadhaa. Kipokezi hiki kina mvuto mdogo, na mikromola 100 zinazotosha kwa vipokezi vingi vya panya hapa hazitaamsha kitu.

Mchanganyiko unaokosa C usipotoa mkondo, hiyo peke yake haithibitishi chochote mpaka uonyeshe kwamba mayai ya siku hiyo yaliyopewa nne kamili yalitoa.

Utaratibu huo huo wa kutoa moja moja hutumika ukihamia vipokezi vya nikotini, yaani vya asetilikolini, vya ubongo wa wadudu, vyenye subuniti tano kila kimoja kutoka kwenye jeni 10 za drosofila, alfa 1 hadi 7 na beta 1 hadi 3. Kwa miaka mingi mayai yalikataa kuvitengeneza, na watu walilazimika kuchanganya alfa ya mdudu na beta ya kuku au panya, jambo lililobadilisha tabia ya kipokezi chenyewe. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba protini saidizi TMX3, ikiungwa mkono na RIC-3 na UNC-50, hufungua njia kwa inzi, nyuki wa asali na nyuki bambi. Usipoweka TMX3, mkondo usipotokea usiseme subuniti zako haziungani. Yai limekosa fundi tu. Kipokezi cha GABA (kemikali inayotuliza neva) kiitwacho RDL hakina shida hiyo: subuniti yake moja hujiunga yenyewe kwa yenyewe ndani ya yai. Lakini RNA ya jeni yake hukatwa na kuunganishwa kwa namna nne, kwa kubadilisha eksoni (kipande cha jeni) ya 3 na ya 6, na kila namna ina mvuto wake kwa GABA, hivyo andika kwenye lebo ya kichupa umetumia ipi kabla hujaingiza sindano.